Ndara ya Kushoto

Mama Liban alikufa Jumanne asubuhi, nami nikapata habari kabla ya saa sita mchana, kwa sababu siku hizi kifo cha mtu wa Alum Rock hufika kwenye simu za akina mama wa Afrika Mashariki wa Birmingham nzima kabla wafiwa hawajapangusa machozi. Nilikuwa kazini, nimelala chali chini ya kitanda cha mgonjwa, maana kazi yangu ni kutengeneza vitanda vya umeme vya hospitali, na ujumbe ule niliusoma bisibisi ikiwa mdomoni. Nilijua watamzika kesho yake. Nimekulia Nairobi, nimeishi na Waislamu, siwezi kusingizia kwamba sikujua. Sisi Wakristo wa Kenya hapa tunaweza kukaa na maiti wiki tatu, tukikutana kila jioni kuimba na kunywa chai, lakini wao hawamngoji mtu. Basi nikangoja mimi. Niliiacha Jumatano ipite, awe ameshafukiwa, ndipo Alhamisi nikavaa sketi ndefu, nikatafuta mtandio na kupanda basi kwenda kutoa pole. Hivyo ndivyo nilivyo, na afadhali msomaji alijue hilo sasa kuliko kulikuta mwishoni akadhani nilimficha.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Imepita miaka kumi na minane. Nilikuwa nimepanga chumba Kingstanding, kwa mama mmoja Mkenya tuliyemwita Mama Shiko. Alifanya kazi ya kutunza wazee, na huruma yake yote iliishia huko huko kazini. Chumba changu kilikuwa kile kidogo cha juu ya mlango wa mbele, kitanda kinagusa kuta tatu, na nikitaka kufungua kabati ilinibidi nipande kitandani kwanza. Jikoni kulikuwa na friji yenye kufuli. Si maneno ya kupamba hadithi, ilikuwa kufuli ya kweli, na ufunguo wake aliuvaa shingoni pamoja na msalaba. Hita iliwaka akiwepo, akitoka anaizima, nami nikirudi chuoni nilikaa na koti nikinywa chai ya rangi huku nikiitazama ile kufuli. Jioni alikaa sebuleni akipiga simu Kenya, na nyumba zile za kaunsili, zilizojengwa na jiji kwa bei nafuu, sakafu zake hazifichi siri. Nilimsikia siku moja akimwambia dada yake habari zangu. "Huyu msichana, aki ya Mungu, amekuja majuu kucheza na toys. Ati anatengeneza robot. Si ajitengeneze yeye kwanza?" Kisha akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeshiba. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Mama Shiko jioni ile, na bado namchukia kidogo, ingawa naambiwa sasa ana ugonjwa wa miguu.

Hiyo robot haikuwa kitu cha kuchezea. Chuoni nilikosoma ufundi wa umeme tulikuwa na mwalimu mmoja mzee, Mwingereza, jina lake Keith, aliyevaa mashati ya mikono mifupi hata kwenye theluji. Starehe yake ilikuwa mashindano ya roboti ndogo za kupigana, zile zisizozidi gramu mia na hamsini, uzito wa kitunguu kimoja, zinazogombana juu ya meza iliyozungushiwa plastiki mpaka moja iangushwe pembeni au ishindwe kutembea. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo aliliambia darasa kwamba kutakuwa na mashindano majira ya machipuko katika ukumbi mmoja Handsworth, na kila wawili watengeneze yao. Tulikuwa wasichana wawili kati ya wavulana kumi na sita. Keith akatugeukia, akasema kwa upole kabisa kwamba sisi, tukipenda, tunaweza kusaidia upande wa rangi. Mvulana mmoja, Ryan, mwenye baba fundi na gereji nzima ya vifaa nyumbani, akauliza kama ya kwetu itavutwa na punda. Darasa likacheka, Keith akatazama saa yake. Mimi nikaandika tarehe. Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu duniani, kumwangusha Ryan mbele ya watu waliocheka.

Msichana wa pili alikuwa Hodan. Msomali wa Eastleigh, Nairobi, aliyepitia Uholanzi miaka mitano kabla ya kufika Birmingham, na Kiswahili chake kilikuwa kimehifadhiwa vizuri kuliko changu, kama nguo ya sikukuu. Siku ile ile ya punda alinifuata kwenye ngazi akaniambia, bila salamu, "Keith anaongea pole pole hadi akianza kusema good morning unamjibu good evening." Nilikaa chini nikacheka mpaka nikashika tumbo. Yeyote aliyesoma shule ya msingi Kenya anaujua mchongoano. Unamtukana mwenzako kwa kutia chumvi mpaka tusi linageuka kichekesho, na sheria yake ni moja, lazima aliyetukanwa acheke kwanza kisha ajibu. Asiyecheka ameshindwa, na ameuharibu mchezo. Tangu siku hiyo mimi na Hodan hatukuzungumza lugha nyingine. Alinichongoa kwa sababu ya wembamba wangu, nami nikamchongoa kwa sababu ya miwani yake. Nyumba ya Mama Shiko aliimaliza kwa sentensi moja: "Kwenu ni baridi hadi mnafungua friji mpate joto, na hata hiyo imefungwa." Tulikubaliana mama wanaruhusiwa, baba wanaruhusiwa, dini zote mbili zinaruhusiwa. Wafu hapana. Hilo la wafu alilisema yeye, nami nikalikubali bila kuuliza, na sababu yake niliijua wiki hiyo hiyo.

Aliponipeleka kwao Alum Rock mara ya kwanza nilikuwa sijala kitu cha moto kwa siku tatu. Nyumba yenyewe ilikuwa nyuma ya barabara ya maduka, nyembamba, na ukifungua mlango unakutana na rundo la viatu, kisha harufu ya hiliki na vitunguu vinavyokaangwa. Mama yake alitoka jikoni anafuta mikono, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi zangu zilizotoboka. "Huyu hawampatii chakula?" akamuuliza Hodan, kama kwamba mimi ni paka. Kisha akanikalisha kwenye meza ya jikoni, ile yenye kitambaa cha plastiki chenye picha za malimau, akaniwekea wali wa nyama ya mbuzi na ndizi mbivu pembeni. Nilipomaliza aliongeza. Nilipokataa alisema, "Wewe kula. Iko mingi. Nani alikwambia iko mwisho?" Kila siku ya mwaka ule niliyokula vizuri nilikula pale. Watu wa Eastleigh walimwita Mama Liban kwa jina la mtoto wake wa kwanza, nami nikamwita hivyo. Liban mwenyewe alikuwa amekufa Uholanzi, amegongwa na lori akiwa kwenye baiskeli, ana miaka kumi na tisa. Kwa hiyo kila ulipomsalimu yule mama ulikuwa unamtaja marehemu, naye aliitika kila mara, vizuri tu.

Juu, nje ya mlango wa bafu, kulikuwa na ndara mbili. Ndara za mpira za kawaida, buluu juu na nyeupe chini, zile ambazo Nairobi zinauzwa kila kibanda, soli nene, kisigino kimeliwa kidogo upande wa nje. Zilikuwa za Liban. Alitoka nazo Eastleigh akaenda nazo Uholanzi, na mama yake alikuja nazo Birmingham ndani ya begi la mkononi. Familia nzima ilichukua udhu kwa ndara nyingine za plastiki zilizokuwa ndani ya bafu, na hizi mbili hakuna aliyezikanyaga. Kila Ijumaa Mama Liban aliziosha kwa sabuni ya unga, akaziegemeza ukutani zikauke, akazirudisha mahali pake, nyuso zikielekea mlangoni. Siku ya kwanza nilipopanda juu kunawa alinifuata mpaka kwenye ngazi ili anionyeshe kwa kidole. "Hizo hapana," akasema. Nikasema sawa, mama. Naandika hili kwa sababu baadaye nilijaribu kujiambia kwamba sikuelewa, na ni uongo.

Roboti tuliitengenezea pale pale, kwenye ngazi ya mlango wa jikoni unaotokea uani. Ryan alinunuliwa kila kitu kikiwa kipya. Sisi hatukuwa na pesa, tulikuwa na macho. Mwili tuliukata kwa msumeno kutoka kwenye kibao cheupe cha plastiki cha kukatia mboga, ambacho Mama Liban alikitoa akilalamika kwamba sasa atakatia vitunguu kiganjani. Mota tulizitoa kwenye vigari vibovu vya watoto tulivyookota kwenye mnada wa Jumapili, betri ikatoka kwenye helikopta ya kuchezea iliyovunjika mabawa, na koleo la mbele la kunyanyulia adui lilikuwa kisu cha kukwangulia rangi ambacho nilikinoa kwenye ukingo wa saruji mpaka kikaweza kunyoa. Hodan alichomelea nyaya, mkono wake hautetemeki, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Mimi nilikata na kutoboa. Tuliiita Siafu. Mama Liban alipita na sufuria akatuuliza kitu chenyewe kinafanya nini, Hodan akamweleza kwa Kisomali, na yule mama akasema kwa Kiswahili, ili nami nisikie, kwamba watu wamevuka bahari na wameacha vita nyuma, halafu watoto wao wanatengeneza vita vidogo vya mezani. Lakini jioni ile alitutengenezea sambusa.

Tatizo lilikuwa magurudumu. Mtoto yeyote wa Kenya aliyewahi kutengeneza gari la waya anajua gurudumu linakatwa kwenye ndara kuukuu, na sisi hatukuwaza kitu kingine hata dakika moja. Tulinunua ndara mpya kwenye duka la Alum Rock, tukakata visahani viwili, tukajaribu. Zilikuwa ngumu kama biskuti. Siafu ilisimama mahali pamoja ikizungusha magurudumu bila kwenda popote, na kwenye majaribio ya darasani Ryan aliisukuma nje ya meza kwa sekunde chache, kisha akamuuliza Hodan kama gari la wagonjwa litakalokuja kuibeba nalo litavutwa na punda. Wakati huu Keith alitabasamu. Tulirudi kwa basi bila kuchongoana. Nilijua shida iko wapi. Mpira mpya haushiki. Unaoshika ni ule uliotembelewa na kuloweshwa miaka, uliokwisha kulainika, na Birmingham nzima nilijua mahali pamoja tu penye mpira wa namna hiyo. Nilikuwa nimeubonyeza kwa ukucha mara mbili, nikitoka kunawa. Ukucha ulizama, ukaacha alama, na alama ikajaa polepole.

Wiki mbili kabla ya mashindano nilikula wali wa samaki kwenye ile meza ya malimau, nikashukuru, nikapanda juu. Nilichukua moja, ya kushoto, kwa sababu magurudumu mawili yanatoka kwenye kisigino kimoja. Huo ndio ulikuwa uangalifu wangu. Sikutaka kuharibu kitu bila sababu. Niliiweka ndani ya koti, nikashuka, nikamuaga Mama Liban naye akanishika shavu kwa kidole chenye unga. Kule Kingstanding nilipanda kitandani kufungua kabati, nikatoa kisu, nikakata kisigino kwa kufuata mzingo wa kifuniko cha chupa. Mpira ulikatika vizuri sana, kama siagi. Sehemu iliyobaki, ya vidole, niliifunga kwenye mfuko wa mkate nikaitupa kwenye pipa la kituo cha basi. Hodan nilimwambia nimeokota ndara kuukuu kwenye uzio wa jirani. Tulipoyafunga magurudumu yale, Siafu ilikamata sakafu ya darasa ikaruka mbele kwa nguvu mpaka ikagonga mguu wa Keith. Hodan alinikumbatia. Alisema mimi ni genius, na nilifurahi.

Jumapili iliyofuata nilikuta nyumba imepinduliwa. Makochi yamevutwa katikati, makabati yamefunguliwa, Mama Liban yuko magotini anapapasa chini ya mashine ya kufulia. Mwizi angechukua mbili, alisema. Panya hawezi kubeba. Alikuwa ameshawauliza wapangaji wa pande zote mbili, ameshampiga Hodan kofi, kitu ambacho Hodan aliniambia hakijatokea tangu wakiwa Eastleigh. Mama Liban akanitazama, nikadhani amejua. Alichosema ni hiki: "Kerubo, wewe uko macho nzuri. Nisaidie." Nikapiga magoti. Nilitafuta chini ya kochi, nyuma ya friji, ndani ya kikapu cha nguo chafu, nikitia mkono kwenye kila pembe kwa bidii kubwa, na begi langu lilikuwa pale pale kwenye kiti, Siafu ikiwa ndani. Tulitafuta mpaka adhuhuri. Kisha akanawa, akanipikia. Ijumaa iliyofuata, Hodan aliniambia, mama yake aliiosha ndara iliyobaki peke yake, akairudisha mahali pake, akaacha nafasi ya mwenzake.

Nimefika hapa mara nyingi kichwani, nikitafuta mahali ambapo ningeweza kusema. Palikuwa na sehemu nyingi sana. Ningeweza kusema nikiwa nimeinamia chini ya friji, ningeweza kusema kwenye basi, ningeweza hata kumwekea barua. Mtu wa miaka kumi na tisa si mtoto. Nilinyamaza kwa sababu Siafu ilikuwa inatembea, na kwa sababu nilijua nikisema sitakula tena pale. Nilitaka meza na nilitaka ushindi. Nilihesabu kwamba nikikaa kimya vyote viwili vitakuwa vyangu.

Ukumbi wa Handsworth ulinuka chai na vumbi la hita. Kulikuwa na baba wengi wenye masanduku ya vifaa, wavulana wao, na sisi wawili na mfuko wa plastiki. Hodan ndiye aliyekuwa dereva. Alishika kile kidude cha kuongozea akakiweka karibu na kifua, akaipeleka Siafu chini ya roboti ya watu wa Wolverhampton na kuitupa pembeni kama anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Pambano la pili halikuchukua hata dakika. Watu walianza kusogea karibu na meza yetu kuuliza magurudumu yale tumeyatoa wapi, na Keith, ambaye mwaka mzima hakuwahi kulitamka jina langu sawasawa, alilitamka. Pambano la tatu lilikuwa la Ryan. Wavulana wa darasa letu walikuja kusimama na sisi, wakatupa chipsi zao, wakacheka na sisi, na Hodan akalewa sifa. Aliniambia kwa Kiswahili, akicheka, "Kerubo, wewe huna kwenu hadi ukiambiwa go back home unauliza address." Mchongoano ulikuwa mzuri. Nilicheka, kama sheria inavyotaka. Lakini wavulana wakauliza nini kinachekesha, naye, kitu ambacho hatukuwahi kufanya, akawatafsiria kwa Kiingereza. Walicheka mpaka mmoja akamwaga soda. Ryan alirudia lile neno, address, akinielekezea chipsi, akalirudia tena. Hodan alikuwa bado anatabasamu, akingoja jibu langu.

Nikamjibu. Sikupandisha sauti, na nilitumia Kiswahili, ili lisiwe la mtu mwingine yeyote. "Na Liban ni mvivu hadi ilibidi nimkate kisigino ndiyo atembee."

Alianza kucheka. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo, mdomo ulishaanza, kwa mazoea. Kisha macho yakashuka kwenye Siafu mezani, kwenye visahani viwili vya buluu na nyeupe, na uso wake ukazimika. Aliweka kile kidude chini, akachukua koleo letu dogo la kubania nyaya, akaigeuza Siafu chali, akachomoa gurudumu moja, akachomoa la pili, moja lilikuwa limekwama, akalivuta taratibu ili lisichanike. Akayapangusa kwa ncha ya mtandio wake. Akayatia kwenye kile kipochi alichowekea pini za hijabu, akafunga zipu, akavaa koti na kutoka kwenda kituo cha basi. Tulipoitwa nilisimama peke yangu mbele ya meza na kipande cha kibao cha kukatia mboga. Keith akauliza dereva wangu yuko wapi. Ryan alipewa ushindi bila kupigana, na alilalamika, alitaka kunishinda mwenyewe.

Hodan hakurudi chuoni. Alihamia chuo kingine, nikasikia baadaye alisomea dawa. Mimi nilimaliza mwaka ule peke yangu kati ya wavulana kumi na sita, nikafaulu vizuri. Kilichonishinda ni simu. Mama Liban alinipigia kila Jumapili, majuma sita au saba, na kwa vile sikupokea aliacha ujumbe wa sauti, akipaza sauti kama anayeniita kutoka ng'ambo ya barabara. "Kerubo, umekasirikia sisi? Chakula iko. Hodan hasemi kitu, amenyamaza tu. Kama mmegombana, kuja, kula, mtagombana baadaye." Nilikuwa nikisikiliza nimekaa kitandani kwa Mama Shiko, kuta tatu zikinigusa, njaa imenibana. Nilielewa kwamba Hodan hakumwambia. Nilielewa pia kwamba naweza kwenda na ningepakuliwa wali. Niliufuta kila ujumbe, na ule wa mwisho niliufuta kabla ya kuusikiliza.

Basi Alhamisi hiyo nilishuka Alum Rock, maduka yamebadilika majina lakini nguo zinaning'inia mlangoni vile vile. Nilivua viatu nikaviweka kwenye rundo. Wanawake walikuwa wamejaa sebuleni, wajukuu wanazungumza Kiingereza kwenye ngazi. Nilipanda juu kunawa, au tuseme nilipanda juu kutazama. Nje ya mlango wa bafu hapakuwa na kitu. Nilishusha pumzi, Mungu anisamehe, nikaona mambo yamekwisha. Nilipotelemka Hodan alikuwa jikoni amekaa kwenye ile meza, kitambaa kipya, bila malimau. Amenenepa, anafanana na mama yake. Aliniangalia, akasema kaa. Wanawake wawili wazee wa Eastleigh walikuwa wakimenya vitunguu saumu pale pembeni. Mmoja akanipakulia wali, kwa sababu nyumba ile haijui kufanya vingine, nami nikaula.

Nikasema pole. Nikasema mama yako alinilisha. Hodan akasema anajua, alikuwepo. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi ya dawa, kwamba miaka miwili ya mwisho mama yake alipoteza kumbukumbu. Alisahau majina ya wajukuu, alisahau Uholanzi yote, akasahau kwamba Liban amekufa. Ndara hakuisahau. Kila siku aliitafuta ile ya kushoto, chini ya makochi, nyuma ya friji, akisema kijana atarudi kutoka msikitini atatembea vipi na moja. "Nikachoka," Hodan akasema. "One day nikamwekea yale magurudumu mkononi. Akayageuza, akaniuliza hii ni nini. Nikamwambia ni toy."

Nilitaka kusema nisamehe, na nadhani nililisema, lakini kinywa kilikuwa na wali. Hodan aliegemea nyuma. Hapo ndipo nilipoona, kwenye kiti kando yake, mtandio uliokunjwa, na chini ya mkunjo ncha ya mpira wa buluu uliofifia. Alikuwa ameishusha ile ndara ya kulia aliposikia nimefika mlangoni. Akavua miwani, akaifuta na kuivaa tena.

"Kerubo," akasema, "wewe ni mwizi hadi ukija matanga watu wanaficha kiatu kimoja tu."

Wale wazee wa Eastleigh walicheka, hawakuweza kujizuia, mmoja akajifunika mdomo kwa kiganja chenye maganda. Hodan hakucheka. Alikuwa ananingojea, kama nilivyongojewa siku ile, na sheria naijua. Nikacheka. Kilitoka kicheko kikavu, kifupi, kisha nikarudisha mkono kwenye sahani. Nilimaliza wali kwa sababu kuuacha kungekuwa tusi, nikainuka, nikatoa mkono wa pole kwa wote. Hodan alinisindikiza mpaka mlangoni. Alisimama juu yangu, mikono kifuani, nami nikiwa nimeinama kwenye lile rundo, akanitazama nikivaa kiatu cha kwanza, akanitazama nikivaa cha pili, akahakikisha vyote viwili ni vyangu, kisha akafunga mlango.